Mganga Hajigangi: Kazi ya Saikolojia Tiba, Watoto Wetu na Watu wa Nyumbani



Kamati ilipotaka mazungumzo ya mwaka huu yawe juu ya kazi na malezi, ilimwomba Mama, kwa sababu yeye ndiye mwanasaikolojia tiba. Yupo, amekaa meza ya tatu. Amekataa kusimama, na sababu yake ni sehemu ya mazungumzo yenyewe. Alisema kila mfano atakaoutoa hapa, kuna mtu ukumbini atadhani ni yeye anayesemwa. Kwa hiyo tulikubaliana nyumbani asimame mhasibu. Mhasibu hajui siri ya mgonjwa hata mmoja. Anajua mapato, matumizi, na saa ambayo mlango wa nyumba hufunguliwa jioni. Hayo ndiyo tutakayoyasema, na tutasema "sisi" kwa kuwa hesabu za nyumba ile zina sahihi mbili.

Kwanza tuondoe utata ambao umetusumbua miaka mingi. Wengi hapa mnamwita Mama "daktari". Anafurahi kwa heshima hiyo, lakini haandiki dawa. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, naye ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba amesomea namna mtu anavyofikiri, anavyohisi na anavyoishi na wenzake, na tiba yake hupita katika mazungumzo yenye mpango. Anakaa na mtu kama dakika 45 au saa nzima, mara nyingi wiki baada ya wiki. Anapima hali, anaandika kumbukumbu, anampa mtu mazoezi ya kufanya nyumbani, kisha wanaangalia pamoja kilichobadilika. Yeye mwenyewe anatakiwa kuwa na mtaalamu mwenzake wa kumwangalia kazi yake, kama vile vitabu vya chama hiki vinavyokaguliwa. Ukiona mtu anajiita mwanasaikolojia na hana wa kumkagua, shika mkoba wako vizuri.

Masomo yake ni marefu. Shahada ya kwanza miaka 3, kisha uzamili miaka 2, na sehemu kubwa ya uzamili inafanyika wodini na kliniki, si darasani. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa katikati ya uzamili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku akirudi kazini. Lakini sheria hiyo inamtazama mwajiriwa, na Mama wakati ule alikuwa mwanafunzi. Baba mwajiriwa anapewa siku zisizopungua 3. Mwenye kwenda kumwonyesha mjukuu kwa bibi yake kule juu atumie mbili njiani, abaki na moja ya kumshika mtoto.

Aliyetuokoa ni shangazi. Alipanda basi pale Mombo na gunia la viazi na mfuko wa mapeasi, akaja kukaa miezi 6, akakaa miaka 2. Hatukumlipa mshahara wa kueleweka. Tulimnunulia cherehani, na baadaye tukasaidia ada ya binti yake. Tunalisema hili mapema kwa sababu msomi akisimama mbele ya watu wa kwao hupenda kueleza alivyopambana peke yake. Shahada ile ya uzamili ina jasho la shangazi, na kwa maana hiyo ina deni kwa watu wa nyumbani. Tutalirudia deni hilo, maana ndilo limetuleta hapa.

Baada ya kuhitimu, Mama aliajiriwa katika hospitali ya umma. Makato ya mkopo wa Bodi, asilimia 15 ya mshahara, yalianza mara moja, yake na ya mhasibu pia. Tulikuwa na kiwanja, tulikuwa na ada, na mtoto wa pili alikuwa njiani. Hospitali moja ya binafsi ikamwomba aendeshe kliniki Jumamosi nzima na jioni mbili za wiki. Malipo yalikuwa karibu nusu ya mshahara wake. Alifanya miezi 14, pesa ilisaidia, na msingi wa nyumba ulipanda hadi kozi ya tatu ya tofali.

Kisha tukakaa na daftari. Kwenye uhasibu gari lina uchakavu, kompyuta ina uchakavu, hata kiti unachokalia kina uchakavu na kila mwaka tunauondoa kwenye thamani yake. Hakuna mahali tunapoandika uchakavu wa mtu anayesikiliza. Mhasibu akichoka anarudia hesabu kesho asubuhi. Mwalimu akichoka anasahihisha madaftari Jumapili. Lakini anayesikiliza akichoka, mgonjwa wa saa kumi na moja jioni anapata mabaki, na mtoto wa saa mbili usiku anapata mabaki ya mabaki. Mtoto anaeleza habari za mechi ya shule, mama anaitikia "mhm" pale asipotakiwa kuitikia, na mtoto anajua.

Tuliacha ile kliniki. Haikuwa rahisi, kwa sababu wagonjwa wa Jumamosi nao walikuwa watu, na ilimchukua Mama miezi mitatu kuwakabidhi kwa mtaalamu mwingine mmoja mmoja, bila kumwacha mtu njiani. Msingi wetu ulibaki kozi ya tatu miaka miwili, ukaota majani. Tukija nyumbani Desemba mlituuliza, "Mnahamia lini?" Sasa mmepata jibu.

Utaratibu tuliojiwekea baada ya hapo si wa ajabu, na wala hatusemi kila nyumba iufuate. Mama akifika jioni anakaa nusu saa peke yake nyuma ya nyumba, kwenye mkeka, kabla ya kuanza kuwa mama. Watoto wanajua. Mwanzoni yule mdogo alikuwa anakaa mlangoni anahesabu. Jumanne na Alhamisi mhasibu anapika. Kande zake zimekubalika, ugali bado una malalamiko. Wakati wa kufunga hesabu za mwaka mambo yanageuka, mhasibu harudi mapema na Mama anabeba yote. Hatugawani nusu kwa nusu. Tunagawana kwa msimu, kama wakulima.

Lakini kuna jambo ambalo utaratibu haukulitatua, nalo ni simu za nyumbani.

Mwaka jana, mwezi Machi, tuliandika kila simu iliyoingia baada ya saa mbili usiku. Zilikuwa 41. Kati ya hizo, 29 zilitoka kwa watu wa kwetu. Zilianza kwa salamu, zikaulizia mvua, zikaulizia watoto, kisha: "Hebu mpe huyo daktari." Mengine tuyaache. Wapo waliokuja kabisa, wakashuka stendi ya Mbezi alfajiri na mgonjwa wao, wakapiga simu kuuliza tunaishi mtaa gani.

Na sisi tumelelewa kwenye milima ile ile. Kwetu mgeni hafukuzwi. Mtu akija na shida hata kama chakula kimeisha, moto unachochewa upya. Hayo hatukuyasoma chuoni, tumezaliwa nayo, na hatutaki watoto wetu wayakose kwa sababu wamekulia mjini. Sasa kazi ya Mama inasema kitu kingine. Maadili ya saikolojia tiba yanamtaka mtaalamu asimtibu ndugu, rafiki, jirani, wala mtu ambaye ana uhusiano mwingine naye. Wengi wenu mmeambiwa hivyo na Mama kwa upole, mkasema sawa, kisha mkaenda kusema anajivuna. Tumesikia. Usambara ni kubwa lakini maneno yake yanatembea haraka kuliko basi.

Ngoja tueleze sababu kwa namna ya kwetu. Chukua ndugu yetu yeyote, tusimtaje, maana hayupo. Leo amekaa sebuleni kwetu, amemweleza Mama mambo ya ndoa yake, hasira zake, na kitu alichokifanya ambacho mkewe hakijui. Ameondoka amepata nafuu. Mwezi Desemba tunakutana wote kwenye kikao cha kugawa shamba la babu. Mama amekaa pale kama mke wa ukoo, ana maslahi kwenye lile shamba kama sisi wote, na anajua siri ya mwenzake. Akinyamaza, ndugu anamwogopa. Akichangia neno, ndugu anasema ametumia siri yangu. Mke wa yule ndugu akigundua kwamba Mama alijua, undugu wao umekwisha. Hakuna mtu aliyefanya ubaya hapo, lakini kikao kimevunjika na shamba halijagawanywa. Katika uhasibu tunaita hali hiyo mgongano wa maslahi, na mkaguzi hakagui kampuni ya kaka yake hata awe mwaminifu kama malaika.

Mzee mmoja alituambia, "Hayo ni mambo ya Wazungu, kwetu aliye na dawa anampa nduguye kwanza." Tulimheshimu, hatukubishana. Lakini hata kwetu kuna msemo, mganga hajigangi. Nasi tuliupitia wenyewe, na tutalieleza hili kwa kuwa mtoto mwenyewe ameruhusu. Tulimwomba ruhusa, akafikiri siku mbili, akasema tuseme kiasi tulichokubaliana, tusizidishe.

Bibi yake, aliyekuwa anaishi nasi, alifariki. Wengi wenu mlikuja kumzika kule nyumbani na hatujasahau. Kijana wetu alikuwa na miaka 9. Tuliporudi Dar es Salaam aliacha kulala. Si kwamba alikuwa analia. Alikuwa mchangamfu mchana, anakula, anacheza. Usiku anakaa kitandani macho wazi hadi saa tisa, saa kumi. Wiki ya kwanza tukasema msiba. Wiki ya tatu mwalimu akatuita, mtoto anasinzia darasani.

Mama alijua dalili zote. Ana vitabu juu ya huzuni za watoto, amewahudumia watoto wa watu wengine. Alimkalisha, akamuuliza kama mama anavyouliza. Mtoto akasema hana kitu. Hapo ndipo Mama alipofunga vitabu vyake, akapiga simu kwa mwenzake wa kazi, akaomba nafasi kama mzazi mwingine yeyote. Tulilipa kama wengine. Tulikaa kwenye benchi la nje, sisi wawili, mara saba, wiki saba, mlango umefungwa. Mwanasaikolojia tiba amekaa nje, mtoto wake yuko ndani anamweleza mtu baki. Tunawaambia ukweli, benchi lile lilikuwa gumu. Mama hakumuuliza mwenzake hata mara moja mtoto amesema nini, na mwenzake hakusema, isipokuwa lile ambalo wazazi walihitaji kulijua ili wasaidie.

Lenyewe ni hili. Siku ya mazishi, mzee mmoja mwenye nia njema alimwambia mtoto, "Usilie, bibi amelala tu." Basi mtoto akaelewa kuwa mtu akilala anaweza kushushwa kaburini. Alikuwa anakesha kwa makusudi. Na zaidi ya hapo, alikuwa anapita usiku chumba hadi chumba kuangalia kama dada yake na sisi tunapumua.

Kwa nini hakumwambia Mama? Kwa sababu alikuwa anamwona Mama naye akimlilia bibi, hakutaka kumwongezea. Mtoto wa miaka 9 alikuwa anamlinda mama yake. Aliweza kusema kwa mgeni kwa kuwa mgeni hakuwa na kidonda chochote cha kutoneshwa. Ujuzi wa Mama haukupungua hata chembe; ila kwa mtoto yule yeye alikuwa mama kwanza, na alistahili kubaki mama.

Tukamweleza mtoto ukweli kwa maneno ya kawaida: bibi amefariki, mwili wake uliacha kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, kulala ni kitu kingine. Alianza kulala, si siku ile ile, bali polepole. Sasa ana miaka 11 na analala hadi tunamgombeza.

Kwa hiyo, ndugu zetu, Mama anapokuambia "siwezi kukuhudumia mimi, nitakuelekeza kwa mwenzangu", anakupa kile kile alichompa mtoto wake wa kumzaa.

Kuna swali jingine ambalo tunaulizwa sana, na linaulizwa na waumini wa pande zote mbili, kwa maana kwetu nyumba moja inaweza kuwa na anayekwenda msikitini Ijumaa na anayekwenda kanisani Jumapili. Swali ni: je, huyu anawaambia wake za watu waachike? Sisi tunaamini ndoa ni ya kutunzwa, na tumekaa kwenye vikao vya kusuluhisha zaidi ya kimoja. Lakini katika chumba chake cha kazi Mama hatoi hukumu upande wowote. Hamwambii mtu aachane, wala hamwambii avumilie kipigo. Kazi yake ni kumsaidia mtu aone hali yake wazi, ajue njia alizonazo na gharama ya kila njia, kisha aamue mwenyewe. Panapokuwa na hatari, kama vile mtu anapigwa au mtoto anaumizwa, hapo mambo hubadilika, usalama unatangulia. Zipo siku anarudi na jambo ambalo imani yetu na kazi yake vinavutana, tunaliona usoni kwake hata asiposema. Siku hizo anazungumza na yule mtaalamu anayemkagua, siyo na mhasibu. Mhasibu anachemsha chai.

Watoto nao wana lao. Binti yetu wa darasa la kwanza aliambiwa na wenzake, "Mama yako anatibu vichaa." Kwa muda fulani akawa anasema mama yake ni nesi. Hatukumkemea. Tulimweleza kwamba kichwa kinaugua kama tumbo linavyougua, na kwamba watu wanaokwenda kwa mama yake ni walimu, madereva, wanafunzi, akina mama waliojifungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa anaishi na tatizo la afya ya akili. Meza zetu leo zina viti vinane vinane. Hatusemi mtazamane, tunasema mhesabu viti.

Na sisi wa Usambara hatupaswi kuwa wageni wa jambo hili. Lutindi iko milimani kwetu. Mwisho wa karne ya 19 wamisionari walipafungua kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, moja ya kongwe kabisa katika Afrika Mashariki. Mpaka leo wagonjwa wanatibiwa pale, na kazi za shamba na za mikono ni sehemu ya matibabu yao. Watoto wa kwetu bado wanatishiana kwa jina la Lutindi, jambo ambalo halitufurahishi. Lakini Lutindi, au Bombo kule Tanga, ni kwa mgonjwa ambaye tayari amezidiwa. Kijana aliyeacha kutoka ndani mwezi mzima, mama aliyejifungua na hataki kumtazama mtoto wake, mzee anayeamka usiku wa manane na moyo unakwenda mbio, hao wanakwenda wapi? Wanampigia Mama simu saa nne usiku.

Hapo ndipo linapokuja ombi letu, ambalo kamati imelipokea na liko kwenye ukurasa wa bajeti wa kijitabu hiki. Tunaomba chama kitengeneze chumba kimoja cha ushauri katika kituo cha afya cha kata yetu, na kigharamie mwanasaikolojia tiba wa kwenda kule kila mwezi. Uongozi wa kituo umekubali kutoa chumba ambacho sasa ni stoo. Mtaalamu hatakuwa Mama, kwa sababu tulizozieleza. Atakuwa mtu ambaye hana shamba kwetu.

Mchanganuo ni huu. Ukarabati shilingi 4,600,000. Samani shilingi 1,450,000: meza, viti vitatu, pazia zito, na kabati la chuma lenye kufuli kwa ajili ya kumbukumbu. Ziara za mtaalamu ni 12 kwa mwaka, kila moja shilingi 500,000 ikijumuisha nauli, malazi, chakula na posho ya siku mbili za kazi. Jumla shilingi 6,000,000. Dharura shilingi 350,000. Yote kwa pamoja shilingi 12,400,000.

Mtaona ukarabati ni ghali kwa chumba kidogo. Sababu ni ukuta. Vyumba vingi vya vituo vyetu kuta zake haziendi hadi juu, ukikohoa chumba cha pili wanakuambia pole. Chumba hiki lazima ukuta ufike darini na mlango uwe wa mbao nzito. Na Mama ameomba jambo moja ambalo halina gharama: mlango usiandikwe "Afya ya Akili". Uandikwe namba tu kama milango mingine, ili anayeingia aonekane kama mtu aliyekuja kupima presha.

Katika kikao cha kamati, mama mmoja aliuliza kwa nini tulete mtu wa mbali wakati bibi zetu kijijini ndio wamekuwa wakisikiliza watu miaka yote. Ni swali zuri kuliko yote tuliyoulizwa, na lina jibu kutoka Zimbabwe. Huko yupo daktari wa magonjwa ya akili anayeitwa Dixon Chibanda. Binti mmoja aliyekuwa mgonjwa wake alijiua, na mama wa binti alimweleza kuwa walitaka kumleta hospitali lakini hawakuwa na nauli. Mwaka 2006 alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaani mjini Harare namna ya kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kumsaidia atatue tatizo moja baada ya jingine. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliofanywa katika vituo 24 vya Harare yalichapishwa katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, na yalionyesha kwamba waliokaa na akina bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo ndiyo, bibi zetu wanaweza. Lakini wale wa Harare walifundishwa na wana wataalamu nyuma yao wa kuwapokelea mgonjwa aliyewazidi. Tuanze na chumba na mtaalamu. Mwaka wa pili, kama hesabu zitaruhusu, tuje na bajeti ya bibi.

Jambo moja haliwezi kusubiri chumba wala mkutano. Mtu wa nyumbani kwako akisema anataka kujiua, au hali yake imebadilika ghafla na anahatarisha nafsi yake au wengine, msimwache peke yake, na mpelekeni kituo cha afya au hospitali usiku huo huo. Msipige kwanza simu Dar es Salaam. Simu yetu baada ya saa mbili usiku huwa iko kabatini, na itaendelea kuwa kabatini mpaka watoto hawa wakue.

Pesa zote zitapita kwenye akaunti ya chama, kwa sahihi tatu, na mhasibu anayesema hapa si mmoja wa hao watatu. Taarifa ya matumizi itasomwa kwenye mkutano wa Desemba kule nyumbani, na mtaalamu ataleta idadi ya watu aliowaona, bila majina.

Sisi tumetoa ziara ya mwezi wa kwanza, shilingi 500,000, na shangazi ametuma shilingi 20,000 kwa simu, ziingizwe kwa jina lake. Zimebaki shilingi 11,880,000. Fomu za ahadi ziko meza ya mweka hazina, kushoto mkiingia. Anayelipa leo apewe stakabadhi yake kabla ya kuondoka, na anayeahidi aandike mwezi atakaolipa.